Bi Jalada Anyang'anywa Kalamu

Mimi ni tarishi. Kazi yangu ni kubeba barua za watu wengine, na kwa miaka kumi na tisa sijawahi kufungua hata moja. Nalisema hili mapema kwa sababu ofisini kwetu wapo wanaoamini kwamba tarishi anajua kila kitu. Hajui. Anachojua ni uzito.

Barua ya kukataliwa kazi ni karatasi moja. Barua ya kukubaliwa ni nene, maana huambatishwa fomu tatu au nne za kujaza. Ukishabeba barua za ajira kwa muda kama wangu, kiganja kinakwambia kabla mwenyewe hajachana bahasha. Mara ngapi nimemkabidhi mtoto wa watu bahasha nyepesi, naye ananichekea na kunishukuru, mimi natamani ardhi ipasuke nizame. Liwekeni hilo akilini, nitalirudia.

Ninayetaka kumweleza ni mwenzangu wa masijala, ambaye jengo zima linamwita Bi Jalada. Masijala ndicho chumba yanamotunzwa majalada yote ya ofisi: ya walioajiriwa, ya waliostaafu, ya waliokufa. Kila barua inayoingia au kutoka ni lazima ipite pale, iandikwe kwenye rejista, ipewe namba. Chumba chenyewe kina makabati ya chuma kumi na moja, dirisha moja lisilofunguka, na ngazi ya chuma ya kupandia kwenye rafu za juu. Ngazi hiyo aliitengeneza mume wake, fundi wa kuchomelea, baada ya ile ya ofisi kuvunjika na ofisi kusema italishughulikia suala hilo. Bado inalishughulikia.

Humo alikaa miaka kumi na minne, kwa mkataba wa miezi sita sita. Kibarua, kwa lugha nyepesi. Mchana alitunza majalada, na kila Jumatatu aliitwa ghorofa ya tatu kuandika kumbukumbu za kikao cha wakuu wa idara. Hakuna aliyeandika vikao kama yeye. Wakubwa wenyewe walikuwa wakigombana juu ya nani alisema nini, wanaletewa karatasi ya Bi Jalada, wananyamaza.

Mwaka huu likaja tangazo kwamba mikataba yote ya vibarua inakwisha mwisho wa mwezi wa sita na haitarefushwa. Chini yake palibandikwa jingine: nafasi moja ya Ofisa Kumbukumbu, kazi ya kudumu, kusimamia masijala na kuwa mjumbe wa kikao cha wakuu. Yaani kazi aliyokuwa akiifanya, sasa aiombe kama mgeni. Nilikasirika mimi kuliko yeye.

"Wanakuombesha kiti chako mwenyewe!" nilimwambia.

"Mwenye nguvu mpishe, kaka," alijibu, na akachukua fomu.

Walioomba walikuwa zaidi ya mia. Walioitwa ni sita, naye akiwemo. Tangazo la mwito lilisema usaili utachukua siku nzima na utakuwa na sehemu nne. Asiyepita, kama ni kibarua, arudishe funguo mwisho wa mwezi. Nyumbani kwa Bi Jalada mshahara wake ndio uliokuwa na uhakika. Wa fundi ulitegemea kama kuna mtu ameamua kujenga geti.

Mwenye ujuzi wa mambo hayo alikuwa wifi yake, dada wa yule fundi, anayefanya kazi kampuni ya bima na aliyewahi kupitia usaili wa namna hiyo. Mdomo wake ni wembe. Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana alituita nyumbani kwa kaka yake, akatupanga mezani sebuleni: fundi upande huu, mimi ule, Bi Jalada katikati. Yeye alikaa pembeni na daftari, miguu ameikunja kama hakimu.

"Sehemu ya kwanza, kupanga barua. Hiyo utawafunga wote," alisema. "Ya pili, kuchapa. Sawa. Ya nne, wazee watatu wanakuuliza maswali, utajikaza. Ya tatu ndiyo inayoua. Mnakaa sita mezani, mnapewa jambo la kujadili, dakika arobaini. Wasaili wanakaa pembeni na vibao vyao, hawasemi neno. Ukisema la maana wanatia alama. Usiposema, sifuri. Na sehemu hiyo ni theluthi ya alama zote."

"Kwa hiyo kazi ni kusema," alisema Bi Jalada.

"Kusema tu, wifi yangu. Na mdomo unao, maana kwenye harusi yangu ulinisema mpaka poda ikaniyeyuka."

Tukacheka. Wifi akatoa mada: ofisi imepata chumba kimoja cha ziada, kiwe cha nini? Akaangalia saa yake na kugonga meza.

Fundi alitaka pawe mahali pa watu kujinyoosha mchana. Mimi nikasema kiwe chumba cha matarishi na kiwe na kiti. Sikupanga kupandisha sauti. Lakini nimefanya kazi miaka kumi na tisa katika jengo lenye viti mia mbili, na hakuna hata kimoja changu. Nikitoka mjini nakaa kwenye ngazi, au juu ya maboksi ya karatasi, na kila anayepita ananiuliza kama sina kazi. Nilipoanza kulieleza hilo nikashindwa kuacha. Fundi naye akanijibu kwamba kiti bila kulala ni nusu ya starehe. Tukashikana maneno hasa, na dakika kumi na tano zikaisha hivyo.

Bi Jalada hakusema hata neno moja. Wifi aliinuka, akachukua karatasi iliyokuwa mbele yake, akasoma kwa sauti.

"Moja, kufungua kikao. Mbili, fundi alipendekeza mahali pa kupumzikia. Tatu, tarishi alisisitiza umuhimu wa kiti. Wajumbe walishauriwa kutopandisha sauti." Akaiweka chini. "Na wewe uko wapi humu?"

"Mimi ndiye niliyeandika."

"Nimekuuliza uko wapi."

Akaonyesha chini kabisa ya karatasi, palipoandikwa "Imeandikwa na". Hata hapo alikuwa ameweka nukta nukta tu. Fundi alicheka mpaka akashika ubavu. Mimi sikucheka sana, kwa sababu nilikuwa nimeangalia ile namba tatu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona kiti changu kimeandikwa mahali.

Wifi akamnyang'anya kalamu, akaitupa kwenye mkoba wake. Tukaanza upya. Sasa ikawa mbaya zaidi. Bila kalamu mikono yake haikujua pa kukaa. Kidole cha shahada kikawa kinatembea juu ya kitambaa cha meza, kinaandika tuliyoyasema.

"Wewe unaonaje, mama watoto?" fundi alimuuliza, sasa kwa upole.

"Imeonekana kwamba chumba..."

"Imeonekana na nani?" wifi akadakia.

"Na wajumbe."

"Wajumbe gani? Huyu kaka yangu anayetaka kulala?"

Bi Jalada aliinuka, akaenda jikoni. Tulisikia maji yakifunguliwa na kufungwa. Fundi aliacha kucheka. Wifi alilifunga daftari lake taratibu, akaitoa ile kalamu mkobani na kuirudisha mezani. Zilikuwa zimebaki wiki mbili na siku mbili.

Jumatatu, nilipompelekea mfuko wa barua, alinieleza mwenyewe bila kumuuliza. Huku anagonga mihuri alisema kwamba katika mwezi wake wa tatu kazini kulikuwa na kikao juu ya jalada lililopotea. Mkuu wa utawala, huyu huyu tuliye naye mpaka leo, alikuwa akimfokea mkuu wa idara nyingine kwamba watu wake wamelipoteza. Bi Jalada alikuwa ameliona asubuhi ile. Akanyanyua kichwa kwenye karatasi, akasema, "Samahani, bosi, liko kwenye kabati lako."

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Nani kamwuliza mwandishi?' Kikao kizima kikacheka. Jalada lilikutwa kabatini mwake."

"Ukaandikaje?"

"Niliandika, 'Ilielezwa kuwa jalada limepatikana.'" Akagonga muhuri mwingine. "Tangu siku hiyo, kaka, nikikaa mezani na watu, mdomo wangu unajua haukuja kazini."

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Lakini hasira ya tarishi haina pa kwenda, basi nikaifanyia kazi. Nikamwambia kuanzia kesho simkabidhi barua hata moja mpaka aniambie jambo moja analoona yeye mwenyewe, kwa kinywa chake.

Kesho yake akasema, "Leo kuna baridi."

"Hayo si maoni, hiyo ni hali ya hewa. Barua hupati."

Akaniangalia juu mpaka chini. "Naona viatu vyako vimekwisha, na unavipaka rangi ili visituambie."

Nikampa mfuko. Tukaenda hivyo kila asubuhi. Alianza na viatu vyangu, akahamia kwenye kofia yangu, akaja kwenye mashine ya kudurufu, na siku ya tisa akasema anaona mkuu wa utawala anachelewesha barua makusudi ili watu waje kumbembeleza. Kabla ya kulisema aliuangalia mlango, na baada ya kulisema akauangalia tena. Nilimpongeza, ila moyoni sikuwa na amani. Pale tulikuwa wawili. Mezani, mbele ya watu, bado hatukuwa na uhakika wowote. Jumamosi mbili wifi alimweka mezani tena, na mara zote mbili alifika dakika ya saba, akaanza kutafuta kalamu.

Siku ya usaili mimi nilipangiwa kazi ukumbi wa mikutano, ghorofa ya tatu: kugawa karatasi, kumimina maji, kusimama mlangoni, kufunga mdomo. Bi Jalada alikuja mapema, gauni la buluu lililopigwa pasi likanyooka, viatu vya wifi miguuni. Tulikutana kwenye ngazi. Akafungua mkoba, akatoa ile kalamu yake, ya kifuniko kilichotafunwa.

"Nishikie," alisema. "Nikiwa nayo nitaandika."

Nikaitia mfukoni. Sehemu ya kwanza walipewa barua ishirini na tano kwenye trei, wazipange kwa umuhimu na kuandika kila moja iende kwa nani, nusu saa. Alimaliza dakika ya kumi na nane, akakaa ameweka mikono mapajani huku wenzake wanatoa jasho. Kuchapa nako hakukuwa na shida. Wakati wa mapumziko nilimwona amesimama dirishani, midomo inacheza, anajisemea. Nikajipa matumaini.

Ndipo mama mmoja wa makao makuu akaniita na kunipa boksi. "Panga meza ya majadiliano. Kila kiti karatasi mbili na kalamu moja."

Nilibaki nimelishika lile boksi. Tulikuwa tumefikiria yote, hilo hatukulifikiria. Nikaanza kupanga, kiti kwa kiti, karatasi mbili, kalamu moja. Mojawapo ya zile kalamu niliijaribu kwenye kiganja nikakuta haina wino, na nasema kweli kabisa, shetani alinisimamia begani. Lakini viti havikuwa na majina. Ningeweza kumtilia mkosi mtu mwingine asiyenikosea. Nikaitupa, nikaweka nzima.

Wakaingia. Bi Jalada alikaa kiti cha pili kutoka mlangoni, hatua nne kutoka niliposimama. Pembeni walikaa wasaili wanne na vibao vyao, na mmoja wao alikuwa mkuu wa utawala. Yule mama akasoma mada: ofisi ina idara tano, inahamia jengo jipya la ghorofa nne lisilo na lifti, pangeni idara ipi ikae wapi. Kikundi kitoke na uamuzi mmoja. Saa ya ukutani ilisema saa sita na dakika tano.

Bwana mmoja wa tai nyekundu hakusubiri. Alianza kusema kabla mama hajakaa, na alisema vizuri, nisimwonee. Binti mmoja akampinga, mwanaume mwenye miwani akaongeza lake. Ilikuwa bado dakika tatu hazijafika nilipoona mkono wa Bi Jalada unatembea, unatembea, umeifikia kalamu.

Akaanza kuandika.

Dakika ya kumi alikuwa amejaza nusu ukurasa. Dakika ya kumi na tano aligeuza karatasi. Wasaili walikuwa wanatia alama kwa huyu na yule, na kila kalamu ya msaili iliposogea moyo wangu ulishuka ngazi moja. Mkuu wa utawala alimtupia jicho mara moja tu, kisha akaangalia pengine. Nilikwenda kumimina maji. Nilipofika kwake nilikohoa. Hakusikia. Alikuwa anaandika kwa ule mwandiko wake wa kunyooka, uso umetulia, kama mtu aliyerudi nyumbani kwake. Nilitamani nimwage jagi zima juu ya karatasi ile, na naapa mkono ulikuwa umeshaanza kuinama. Lakini yule mama wa makao makuu alikuwa ananitazama. Nikarudi mlangoni.

Dakika ya ishirini na tano mezani kukawa vurugu. Walikuwa wamekubaliana kwamba utawala ukae chini kwa sababu unapokea wageni, na masijala iende ghorofa ya nne kwa sababu haitembelewi na mtu. Yaliyobaki kila mmoja alikumbuka vyake. Bwana wa tai nyekundu akageuka, akaiona karatasi ya Bi Jalada. Akaivuta kwake, hivi, kwa vidole viwili, bila hata kumwangalia.

"Kwa muhtasari, wenzangu," akasema, akaanza kusoma. Moja, mbili, tatu. Ilikuwa safi mno. Wasaili wote wanne wakainama kwenye vibao vyao, wanampa yeye alama.

Bi Jalada alibaki ameshika kalamu, hana karatasi. Niliziona kano za shingo yake. Niliingiza mkono mfukoni nikaikuta kalamu yake nyingine, nikaibana mpaka ikaniuma.

"Samahani," alisema.

Hakusikika. Bwana aliendelea na namba nne.

"Samahani!" Sasa alikuwa ameweka kiganja juu ya karatasi. "Hii ni yangu."

"Tuko pamoja, dada," bwana alisema akitabasamu. "Ni kazi ya kikundi."

"Humu nimeandika ya kwenu. Ya kwangu sijayasema."

Akaivuta karatasi, akaigeuza uso chini, akaweka kalamu juu yake. Nikamwona anauangalia mlango, ile tabia yake ya asubuhi. Mlangoni nilikuwa mimi. Nikamwinulia nyusi, kama ninavyofanya ninapomnyima mfuko.

"Mimi naona," alisema, "mimi naona mmekosea. Mnasema masijala haitembelewi. Inatembelewa na watu ambao hamjawaona, kwa sababu wanakuja asubuhi sana na wanapanda polepole. Wastaafu wanaotafuta barua yao ya kwanza ya kazi. Wajane. Kuna mzee mmoja wa magongo, amepanda ngazi mara saba kutafuta jalada lake, mara ya sita alikuta nimepelekwa kuandika kikao. Alikaa kwenye ngazi akanisubiri mpaka saa nane. Mkiipeleka ghorofa ya nne, huyo harudi tena, na haki yake itabaki juu huko." Akavuta pumzi. "Masijala ikae chini. Utawala upande juu. Wao wana magoti mazima."

Yule binti alicheka, akajiziba mdomo. Mimi sikucheka, kwa sababu mkuu wa utawala alikuwa ameinua kichwa.

"Lakini tulishakubaliana," alisema bwana wa tai.

"Mlikubaliana nyinyi. Mimi sikuwemo."

Wakabishana. Mwenye miwani akahamia upande wake, binti naye, na walikuwa bado wanabishana mama alipogonga meza kwamba muda umekwisha. Nilipiga hesabu: katika dakika arobaini alikuwa amesema sita. Na katika hizo sita alikuwa amemgusa mtu mwenye kibao mkononi.

Sehemu ya nne ilikuwa nyuma ya mlango uliofungwa. Alipotoka, gauni lilikuwa limelowa mgongoni.

"Wameniuliza kwa nini miaka kumi na minne sijawahi kutoa wazo hata moja kikaoni," aliniambia kwenye ngazi.

"Ukawajibu nini?"

"Nikawaambia hakuna aliyeniuliza. Nikamwangalia bosi."

"Ukamwangalia?"

"Kaka, nimejimaliza."

Wiki mbili zilipita bila neno. Ofisini mtu akipita masijala alipunguza sauti, kama panapouguliwa. Bi Jalada alianza kuandika maelezo ya kumkabidhi mrithi wake, kabati kwa kabati, na kila nilipoyaona nilitaka kuyachana. Jumatano aliniambia fundi atakuja Ijumaa na mkokoteni kuchukua ngazi, maana ngazi ni yao. Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mwisho wa mwezi.

Alhamisi nilikwenda makao makuu kuchukua mfuko. Niliposimama kaunta kuhesabu bahasha, ya nane ilikuwa na jina lake. Niliinyanyua. Sikuhitaji mizani.

Karatasi moja.

Njia ile huwa naitembea dakika ishirini. Siku hiyo nilitumia saa nzima. Nilikaa hata kwenye ukingo wa ukuta wa watu, nikaitoa, nikaipima tena kwenye kiganja cha pili, labda cha kwanza kimezeeka. Ilikuwa ni ile ile. Nilifikiria kuichelewesha mpaka Ijumaa jioni, apate siku moja zaidi. Lakini barua ni ya mwenyewe, na mimi sijawahi kulala na barua ya mtu.

Nilimkuta juu ya ngazi, anafuta vumbi rafu atakayoiacha. Nikamwaga mfuko mezani kama kawaida, nikageukia dirisha. Alishuka, akaanza kupanga. Nilijua amefika ya nane kwa sababu mihuri ilinyamaza. Alikuwa ameilaza kiganjani. Na yeye ni mtu wa masijala, uzito wa bahasha ananifundisha mimi.

"Nyepesi," alisema.

Nilianza kukunja mfuko mtupu.

Hakuifungua. Alivuta rejista, akaandika namba, tarehe, imetoka wapi. Kwenye safu ya "Imeelekezwa kwa" mkono ulisimama kidogo. Katika miaka kumi na minne alikuwa amejaza rejista thelathini na moja, na jina lake halikuwa limeingia hata mara moja. Aliliandika lote, la kwake, la baba na la babu. Nami nikamwekea kitabu changu cha kupokelea, akasaini kama wengine. Ndipo akachana bahasha.

Alisoma. Akakaa. Akanyoosha mkono kunipa barua.

"Mimi sisomi barua za watu," nilisema.

"Nimekuruhusu. Soma, macho yangu hayaoni."

Ilikuwa mistari michache. Tunafurahi kukujulisha. Nafasi ya Ofisa Kumbukumbu. Kuanzia Jumatatu. Na chini kabisa: fomu za ajira hazikuambatishwa, kwa kuwa taarifa zako zote zimo kwenye jalada lako, masijala.

Nilisoma mstari huo mara tatu. Miaka kumi na tisa ya kiganja changu, ikapotea hivyo. Bi Jalada alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, anaonyesha kabati la saba, rafu ya chini.

"Nimelitunza mwenyewe," alisema. "Ijumaa iliyopita nilikuwa nimelifungia kamba."

Jumatatu nilipanda na birika la chai kwenye kikao cha wakuu. Alikuwa amekaa mezani, kiti cha sita. Mkuu wa utawala aliingia amechelewa, akavuta daftari la kumbukumbu na, kwa mazoea, akalisukuma mpaka mbele ya Bi Jalada.

"Tuanze. Andika."

Bi Jalada alilitazama daftari. Nilijua anachopambana nacho. Niliona kidole cha shahada kikiligusa. Kisha akalirudisha katikati ya meza.

"Mimi ni mjumbe, bosi. Atafutwe mwandishi."

Macho yakazunguka, yakazunguka, yakaishia mlangoni. Kwangu.

"Wewe unajua kuandika?" bosi aliuliza.

"Najua."

Nikaweka birika chini, nikachukua daftari. Kalamu nilikuwa nayo. Ile yake ya kifuniko kilichotafunwa, sikuwa nimeirudisha tangu siku ya usaili. Nikasimama kando ya kabati, daftari juu ya mkono, tayari. Bosi akafungua mdomo aseme ajenda ya kwanza.

Bi Jalada alinyoosha mkono.

"Kabla ya ajenda ya kwanza," alisema. Sauti ilitetemeka kidogo, akaisubiri itulie. "Mimi naona anayeandika amesimama. Ana miaka kumi na tisa amesimama. Apewe kiti."

Mkuu wa uhasibu akavuta kiti kilichokuwa ukutani, akakisogeza kwangu. Nikakaa, nikafungua ukurasa mpya, nikaandika: "1. Ofisa Kumbukumbu alisema mwandishi apewe kiti. Akapewa." Sikuwa nimezoea kuandika nimekaa, na mstari huo umepinda mpaka leo.